Wimbo wa Madirisha

Ukitaka kumjua Mama Pindo, usimwangalie usoni. Mwangalie mguu wa kulia. Uso wake ni wa mtu mtulivu, lakini ule mguu, mama yangu wee! Akikaa tu kitini unaanza: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Kwenye foleni ya hospitali unakanyaga. Mezani unakanyaga mpaka glasi zinagongana, na mumewe analazimika kushika sahani yake kwa mkono wa pili. Zaidi ya miaka thelathini ya cherehani ya kukanyaga si mchezo. Mafundi wenzake walishahamia za umeme, yeye akawauliza: umeme ukikatika, nani atamaliza sare za watoto wa watu?

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Pindo lisipokaa sawa analifumua palepale, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba gari linamwacha. "Basi panda hilo gari bila sketi," humwambia, "lakini mkononi mwangu hutoki na pindo hilo."

Ndiye mtu huyu aliyetangaza wakati wa chakula kwamba anarudi kupiga piano.

Mumewe, dereva wa lori mwenye sauti ya kuanzia tumboni, aliacha kutafuna. Binti yao wa mwisho, ambaye ni muuguzi na ana ulimi mwepesi, akauliza, "Unarudi, mama? Kwani uliwahi kwenda?"

Aliwahi. Tena alikwenda mbali, na watoto wa siku hizi wasijifanye wao ndio waliozaliwa na vipaji.

Baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Funguo, alikuwa mtunza ukumbi wa shule. Funguo zilining'inia kiunoni mwake, zikawa zinamtangulia kufika kila anakokwenda. Jioni, watu wakishaondoka, alifagia, akapanga viti, kisha akafunga madirisha, na yale madirisha yalikuwa mengi, marefu, ya komeo za chuma. Binti yake wa kwanza alikuwa akimsubiri humo. Mtoto hakai bure, akaanza kuchezea piano iliyokuwa jukwaani. Mwalimu wa muziki wa enzi hizo akamfuma, na badala ya kumfukuza akavuta kiti akaketi kando yake. Basi ikawa hivyo kila jioni. Yule mtoto alipofika umri wa kuanza kuvaa viatu vya mama yake kwa siri, hakuna sherehe ya shule iliyokwenda bila yeye kukaa kwenye piano.

Kulikuwa na wimbo mmoja mfupi ambao mwalimu yule alimtungia yeye mwenyewe. Aliupiga mwisho wa siku, baba yake akifunga madirisha, kwa hiyo wakauita wimbo wa madirisha. Ukiisha na bado kuna dirisha wazi, anaurudia. Na Mzee Funguo alikuwa mzito kwa kazi hiyo, jamani! Dirisha moja analifunga, analifungua tena, anafuta komeo kwa kitambaa, analifunga, anarudi nyuma kulitazama. Mtoto tumbo linanguruma kwa njaa, moyoni anasema baba mgongo umeanza kumsumbua, au hizi komeo zina kutu.

Na sifa? Thubutu! Mzee Funguo alikuwa na methali moja tu duniani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wazazi wa wanafunzi walimshika mkono, "Mzee, una binti!" naye akajibu, "Anajifunza," akaondoka na ufagio wake. Mtoto akikimbia kumwuliza, "Baba, umesikia leo?" jibu lilikuwa moja: "Nilikuwa na kazi."

Kisha mama yake akafariki. Cherehani ikabaki imekaa kona ya chumba na vazi la mtu limeshonwa nusu, na wadogo zake wakabaki wanamwangalia yeye. Kifungua mimba haulizwi kama yuko tayari. Akaketi, akaweka mguu pale mguu wa mama yake ulipokuwa, akamalizia lile vazi. Sitaki mtu amsikitikie, maana yeye mwenyewe hajisikitikii. Mdogo wake mmoja leo ni mhandisi, mwingine anafundisha chuo, na wote wawili walipanda ngazi kwa mguu ule wa kulia. Akilitaja jambo hilo shingo yake inarefuka kidogo, na ana haki. Ila tangu siku ile hakugusa tena piano, na baba yake hakumwambia rudi wala hakumwambia acha.

Sasa turudi mezani. Mzee Funguo, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake, alikuwa amekaa palepale anakula taratibu, hajasikia lolote katika hayo.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa miezi mingi nyumba nzima iliamini kwamba mzee amekuwa na ubaguzi. Mama Pindo akimsalimu, kimya. Wajukuu wakimwita, kimya. Simu ikilia pembeni ya sikio lake, yeye anatazama ukuta. Lakini mkwewe, yule dereva wa lori, akisema tu, "Shikamoo mzee," papo hapo, "Marahaba baba, umerudi salama?" Mama Pindo alikasirika hadi akaanza kumwandalia chai kwa kugonga kikombe. "Mimi niliyewalea watoto wake wengine kwa jasho langu ananinunia, na wewe wa kuja unapewa marahaba ya asali!"

Ni binti yao muuguzi aliyeligundua. Alimpeleka babu hospitalini, akarudi amepoza ule ulimi wake mwepesi.

"Mama, babu hakununii. Hakusikii. Masikio yake yamepoteza sauti nyembamba. Za kike, za watoto, za simu, zote zimekwenda. Zimebaki zile nene, ndiyo maana anamsikia baba peke yake."

"Si anunuliwe kile kifaa?"

"Tumejaribu, kinamkoroga tu. Na hizi zilizobaki nazo zinakwenda, mama. Haraka. Usiniulize lini, hakuna anayejua."

Mama Pindo hakulia mbele ya watu, hiyo si tabia yake. Aliingia chumbani kwa cherehani, akakanyaga bila kitambaa, sindano ikatoboa hewa. Alichokuwa anakiwaza hakikuwa kikubwa. Alitaka baba yake amsikie akipiga piano mara moja zaidi, kabla mlango haujafungwa. Na kama nikisema kweli yote, alitaka pia neno moja. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, bado alikuwa anasubiri jibu la "Baba, umesikia?"

Basi jioni hiyo ndipo alipotangaza mezani, na kesho yake akaenda kwenye ukumbi uleule.

Siku hizi mwalimu wa muziki ni msichana wa rika la binti yake, mpole lakini si wa kuchezewa. Anamwita Mama Pindo "mama," naye Mama Pindo anamwita "mwalimu" na kusimama akiingia, kwa sababu adabu ni adabu. Wanafunzi wengine wote walikuwa watoto. Walimtazama yule mama mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini kifuani, mmoja mwenye mapengo akamnong'oneza mwenzake, "Huyu amekuja kupima mapazia?"

Akaketi. Piano ilikuwa ileile, hata ule mchubuko wa ubavuni ulikuwepo. Akaweka vidole. Vikawa vigumu kama vya mtu mwingine, lakini, ajabu, vilikuwa vinakumbuka. Wimbo wa madirisha ulitoka ukichechemea, ukakosea njia, ukarudi, ukafika. Na chini yake kukawa na kelele nyingine: du-du-du-du-du.

"Mama," alisema mwalimu, "mguu."

Mguu! Piano ina kanyagio. Ukilikanyaga sauti inaendelea kulia, ukiliachia inakatika. Na mguu wa Mama Pindo, ulipoona kanyagio, ukajua kazi imefika. Mikono ikienda, nao unakwenda, kama uko nyuma na sare za shule nzima. Wimbo ukawa unakatwa vipande na kuungwa, kukatwa na kuungwa. Watoto walicheka hadi wakaanguka kwenye viti. Mama Pindo naye alicheka, maana akijiangalia mwenyewe angefanya nini?

Walijaribu kila dawa. Akaukunja mguu chini ya kiti, ukakanyaga hewa. Akauvua kiatu, ukakanyaga na soksi. Mwalimu akamwekea rundo la vitabu juu ya goti, vitabu vikaanguka kimoja kimoja. Lakini vidole vilizidi kufunguka wiki hadi wiki, na mteja aliyekuja dukani na kumkuta akicheza kwa vidole juu ya meza ya kukatia alijibiwa, "Subiri, niko katikati ya wimbo."

Mwalimu akapanga onesho la wanafunzi, wazazi waje. Mama Pindo akawekwa wa tatu, baada ya yule wa mapengo. Akaona kabla ya siku hiyo amlete baba yake mara moja ukumbini, aone kama atasikia vizuri akiwa kiti cha mbele.

Mzee Funguo aliingia ukumbini baada ya miaka yote ile na mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni, kutafuta funguo. Akaketishwa. Mama Pindo akapanda jukwaani na kuupiga wimbo wa madirisha wote, kwa makini, karibu bila kosa. Alipomaliza akageuka. Baba yake alikuwa anatazama dirisha la pembeni.

"Haya," mzee alisema kwa subira, "umeshakuwa tayari? Anza basi."

Jamani. Yapo maneno yasiyo na ubaya wowote na bado yanakata. Mama Pindo alikaa pale na mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mguu wake ulitulia. Wimbo wote ule ulikuwa wa upande wa kulia, upande wa sauti nyembamba, na huko baba yake hakuwepo tena. Alikuwa amejifunza miezi yote kumgongea mtu mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama.

Akasimama kuondoka. Katika kusimama, kiwiko chake kikaangukia vibao vya mwisho kushoto, vile vya sauti nene, piano ikanguruma. Mzee Funguo akageuza kichwa upesi.

"Eh! Hiyo nimeisikia."

Mama Pindo alibaki ameinama vilevile. Kisha, polepole, akamkumbuka mumewe na shikamoo yake ya kutoka tumboni. Akashuka jukwaani, akampeleka baba yake nyumbani, akarudi kwa mwalimu bila hata kunywa maji.

"Mwalimu, naomba tuuhamishe wimbo. Wote uende kushoto."

Mwalimu alikuna kichwa. "Mama, huko chini sauti zinasongamana. Ukiacha kabisa kukanyaga, utakatikakatika, maana vidole vyako havifiki mbali. Na ukikanyaga kama unavyokanyaga wewe, yatakuwa matope matupu. Utatufaa tu huo mguu ukikusikia."

"Utasikia."

"Mama, onesho ni Jumamosi."

"Kwani Jumamosi si siku?"

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alikuwa hana hata wazo la kuanzia. Aliketi kwenye cherehani kutuliza akili, akawa anashona mfuko wa shati la shule. Akashuka upande mmoja wa mfuko, akafika pembeni, akageuza kitambaa, akaendelea. Akafika pembe ya pili. Hapo akasimama, akautazama mguu wake kama mtu aliyemfumania mwizi.

Umetulia. Kwenye kila pembe mguu ulikuwa unatulia wenyewe, tangu zamani, bila kuambiwa. Sindano iko ndani ya kitambaa, mguu tuli, mikono inageuza. Fundi yeyote anajua, ukikanyaga wakati mikono inageuza, umevunja sindano. Kumbe mguu haukuwa mkaidi. Ulikuwa unadhani wimbo ni mshono mrefu ulionyooka, na hakuna aliyewahi kuuambia vinginevyo.

"Haya wewe," aliuambia kwa sauti, "huu wimbo wote ni pembe. Mikono inageuza kitambaa. Nikikwambia, shona mshono mmoja, kisha tulia mpaka pembe nyingine. Umenielewa?"

Mumewe, aliyekuwa anapita na taulo, akasimama mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Na mfanyakazi wangu. Endelea na safari."

Ijumaa mwalimu aliisikia kazi hiyo. Wimbo ulikuwa umeshuka chini kabisa, mzito, mpole, kila sauti imepewa nafasi yake. Mguu uligusa kanyagio mara moja pale palipotakiwa, ukatulia. "Mama," mwalimu alisema, "nisingekuambia uache kushona hata kwa dawa."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, wazazi wananyoosha shingo. Mama Pindo alikaa mstari wa wanafunzi, magoti yamempanda kifuani kwa udogo wa kiti, gauni amelishona mwenyewe na pindo lake hata ukilitafuta kwa kioo hulioni. Mzee Funguo alikuwa kiti cha mbele, kati ya mkwewe na mjukuu muuguzi. Wa mapengo akapiga, akakosea, akalia, akapigiwa makofi. Kisha akaitwa "mwanafunzi wetu mkubwa," na kicheko kidogo kikapita ukumbini.

Alipofika kwenye piano alikivuta kiti kushoto. Kilitoa mlio mrefu sakafuni, na mama mmoja nyuma akasema, "Maskini, amekaa vibaya." Wala. Alikuwa amekaa penyewe.

Akaanza. Hakumtazama baba yake, aliogopa. Mkono wa kushoto ulitembea huko chini, wa kulia ukaingia juu yake ukiwa nao wa sauti ya kiume, na wimbo wa madirisha ukajaa ukumbini mpaka viti vikawa vinauhisi. Geuza, shona mmoja, tulia. Geuza, shona mmoja, tulia. Kicheko kilikwisha zamani. Na yeye mwenyewe, sitaficha, alijiona mzuri. Alijua anachokifanya na alijua ni cha kwake, hakuna aliyempa.

Alikuwa amefika nusu pale iliposikika sauti.

Mtu asiyesikia hajui ukubwa wa sauti yake. Mzee Funguo aliinama kwa mkwewe, akaweka kiganja mdomoni kama mtu anayetoa siri, na kwa imani kamili kwamba ananong'ona, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa nyuma:

"Unamwona yule? Wangu yule!"

Ukumbi mzima uligeuka. Dereva wa lori akajaribu kumgusa goti. Mzee hakugusika.

"Huu ndio wimbo wa madirisha. Alikuwa anaupiga hapahapa, mdogo kama yule wa mapengo. Mimi nafunga, yeye anapiga. Basi nilikuwa nafunga taratibu makusudi, unaelewa? Nafunga, nafungua tena, ili asimalize. Kila siku. Mama yake ananiuliza, mbona mnachelewa? Namwambia komeo zina kutu." Akacheka kifuani. "Hakuna komeo iliyokuwa na kutu. Nilikuwa nazipaka mafuta mwenyewe."

Jukwaani, mikono ya Mama Pindo iliendelea kwenda. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu ukiwa unageuza kitambaa huachii. Mguu ulikaa tuli. Mwalimu pembeni ameshika mdomo, na yule mama wa nyuma ameshika leso.

"Lakini," mzee alimalizia, akimsogelea zaidi mkwewe, "usimwambie nimesema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Wimbo ulifika mwisho. Mama Pindo aliusikiliza ukining'inia kwenye kanyagio, akautazama ukumbi, akaona bado madirisha yote yako wazi. Akaurudia tangu mwanzo, na hakuna aliyemzuia.

Makofi yake sitayaeleza, mtaani bado yanaelezwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mama Pindo amemshika baba yake mkono. Alikuwa ameshajifunza siku hizo kuzungumza naye kwa kuishusha sauti badala ya kuipandisha, kuitoa huko chini ambako mumewe huitoa. Akamwinamia.

"Baba. Umesikia leo?"

Mzee Funguo alitembea kidogo, uso wake mkavu kabisa.

"Nimesikia," alisema. "Unajifunza. Ila lile dirisha la pembeni komeo lake limelegea, mwambie mwalimu wako."

"Nitamwambia, baba," alijibu Mama Pindo, na wakavuka barabara.